Majina ya bendi zetu: aliyeyatunga ni mwanamuziki au mwenye vyombo?

#1 Mzee wa Santuri
Wakuu, salaam. Nina hoja nimekaa nayo siku nyingi, leo naimwaga.

Mimi nasema bendi nyingi za dansi za Tanzania hazikujipa majina, zilipewa na mwenye vyombo, yaani anayemiliki ala. Angalieni NUTA Jazz ya mwaka 1964: hilo ni jina la chama cha wafanyakazi. Baada ya CCM kuzaliwa chama hicho cha wafanyakazi kikawa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Miaka ya 90 ikaja OTTU, bendi nayo ikawa OTTU Jazz. Waimbaji ni walewale, tarumbeta ni zilezile, ila ofisi ikibadili kibao na wao wanabadilishwa. Urafiki Jazz ni kiwanda cha nguo cha Ubungo. Vijana Jazz ni umoja wa vijana wa TANU. Tancut Almasi ni kiwanda cha kukata almasi kule Iringa. Polisi, Magereza na JKT hawahitaji maelezo.

Swali langu la pili ni hiyo "Jazz". Zilipiga rumba, chacha, bolero, twisti, na baadaye mitindo yetu wenyewe. Jazi ya Wamarekani hazikuipiga. Sasa neno lilifikaje Morogoro, Tabora, Kilwa na Tanga kote huko? Karibuni, ila tuje na hoja.

#2 Gitaa Kavu
Nimeshakaa siti ya mbele.

#3 Mwana Sikinde
Mkuu Mzee wa Santuri, umetaja nusu ya jina. Bendi zetu kila moja ilikuwa na majina mawili: la kwenye barua na la kwenye ukumbi. La kwenye barua ni hilo la shirika, hapo sibishi. La ukumbini lilikuwa jina la mtindo wa kupiga na kucheza, na hilo lilitungwa na wanamuziki wenyewe. Msondo ya NUTA, Sikinde ya Mlimani Park, Ndekule ya Safari Sound, Pambamoto ya Vijana, Vangavanga ya Polisi, Saboso ya Western, Afrosa ya Afro 70, Super Bomboka ya Dar International. Nani katika ofisi ya chama au ya kiwanda angekaa akatunga "Vangavanga"?

Na angalia lipi limeishi. Kijana wa Mbagala leo ukimwuliza OTTU ni kitu gani hajui. Mwambie Msondo Ngoma, anakwambia Baba ya Muziki. Jina la mtindo limemeza jina la shirika mpaka likawa jina rasmi.

Bendi yangu mimi, Mlimani Park, ni mfano mwingine. Ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji, TTTS, ikipiga kwenye baa ya Mlimani Park. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Ikawa ya DDC, ikapiga DDC Kariakoo Jumapili hadi Jumapili, lakini "Mlimani Park" haikung'oka. Hiyo baa haikuwa yao tena, jina wakalibeba. Mwenye vyombo alibadilika, mbona hakulifuta?

#4 Binti Kisarawe
Mwana Sikinde amesema kweli ila ameruka la muhimu. Sikinde ni ngoma yetu Wazaramo. "Sikinde ngoma ya ukae" siyo maneno ya kupamba sahani ya santuri, ni ngoma ya nyumbani hasa. Bibi yangu mzaa mama aliicheza kabla hiyo Mlimani Park haijajengwa. Na msondo ni ngoma, ile ndefu, inayojulikana unyagoni. Kwa hiyo kabla ya kugombana kati ya mwanamuziki na shirika, wekeni na sisi wenye ngoma kwenye hesabu.

Marehemu mzee Muhiddin Gurumo kwao ni Kisarawe. Alikuwa NUTA, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Mtu aliyetoka kwenye ngoma akienda dansini anakwenda na majina ya kwao. Hilo halihitaji utafiti.

#5 Rumba Daima
Kuhusu Jazz, jibu ni Kongo. Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953. Franco na wenzake wakaja na OK Jazz 1956. Santuri zao zilifika hapa, redio ya Kinshasa ilisikika hadi Kigoma na Tabora. Kila mtu akataka kuwa Jazz.

#6 Mji Kasoro Bahari
Rumba Daima, tarehe zinakukataa. Morogoro Jazz ilianza 1944. Kabasele wakati huo ni mtoto wa shule. Na Dar es Salaam Jazz ni ya zamani zaidi ya hapo, ya miaka ya 30. Sisi tulikuwa Jazz kabla ya African Jazz ya Kongo kuzaliwa.

Nakuongezea la Morogoro. Salum Abdallah bendi yake ya mwanzo aliiita La Paloma, kwa ajili ya ule wimbo maarufu wa Kikuba aliousikia kwenye santuri. Baadaye ikawa Cuban Marimba. Hakuna chama, hakuna kiwanda, hakuna mwenye baa. Ni mtu amependa muziki wa mbali, akachukua jina lake akalipandisha jukwaani Morogoro. Alipofariki mwaka 1965 Juma Kilaza akaendelea na jina lilelile. Mzee wa Santuri hapo unasemaje?

#7 Maktaba ya Baba
Sahihisho dogo kwa namba 6. La Paloma ulitungwa na Mhispania, Sebastián Iradier, karne ya 19. Wimbo una mahadhi ya habanera ya Kuba ndiyo maana wengi wanauweka huko. Hoja yako haiharibiki, ila wimbo tuurudishe kwa mwenyewe.

Kuhusu Jazz nina maelezo mengine. Turudi nyuma hadi kwenye beni. Pwani nzima, baada ya vita ile ya kwanza, kulikuwa na beni: Marini upande huu, Arinoti upande ule, sare, tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, vyeo vya kijeshi. Vijana waliofuata walitaka kucheza dansi ukumbini, mwanamume na mwanamke, kwa gitaa, banjo na saksafoni. Walihitaji neno la kujitenga na beni ya baba zao. "Jazz" lilikuwa ndilo neno jipya mjini, kwenye santuri na kwenye mabango ya sinema. Kwa hiyo Jazz maana yake ilikuwa "sisi ni kikundi cha dansi la kisasa". Aina ya muziki haikuhusika kabisa. Santuri za Kikuba zilizoitwa GV, zilizoanza kuingia miaka ya 30, zikawapa muziki. Jina walikuwa nalo tayari.

#8 Gitaa Kavu
Kwa hiyo jina lilitangulia, muziki ukafuata? Hii kali.

#9 Nyuki wa Tabora
Mnaongea Dar na Morogoro tu kama vile nchi inaishia Ruvu. Tabora tulikuwa na tatu za kutisha: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya mzee Salim Zahoro. Tabora ni mji. Nyanyembe ni Unyanyembe, himaya ya watemi wetu kabla Mjerumani hajafika. Hapo mwenye jina ni ardhi. Na hata Western Jazz ambayo Dar mnaiona ya kwenu, mwanzilishi wake Iddi Nhende alitoka Nzega. Western ni lile Jimbo la Magharibi la enzi za Mwingereza. Wasukuma na Wanyamwezi waliokuwa Dar walijua hiyo ni bendi ya nyumbani hata kabla hawajaisikia ikipiga.

Ndiyo maana nasema majina ya mwanzo yalikuwa anwani: Morogoro Jazz, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Dar es Salaam Jazz. Unasikia jina redioni, unajua watu wametoka wapi.

#10 Mkwakwani
Nyuki wa Tabora, njoo Tanga uone mkono wa siasa ulivyoingia. Jamhuri Jazz tunayoimba sifa zake hapa, kwanza iliitwa Young Nyamwezi. Mashamba ya mkonge yalijaa watu wa bara, Wanyamwezi wakiwemo, wakawa na bendi yao. Uhuru ukaja, majina ya makabila yakawa hayafai, bendi ikawa Jamhuri. Hakuna mwenye vyombo aliyelazimisha kwa sababu ya baa yake au kiwanda chake. Hewa ya nchi ilibadilika na jina likabadilika nayo.

Na hiyo "Young" msiipite haraka. Yanga, Young Africans, ni 1935. Tanga kulikuwa na Young Novelty kwenye taarabu. Vijana wa mjini wa kipindi kile walijiita Young kwa mpira na kwa muziki, watu ni haohao, mchana uwanjani usiku ukumbini. Klabu ni klabu.

#11 Msimbazi Damu
Yanga wanaingia hata kwenye uzi wa muziki? Sisi Simba tuliitwa Sunderland hadi 1971, hatukujificha kwenye "Young".

#12 Mkwakwani
Msimbazi Damu, Sunderland ni mji wa Uingereza. Unanithibitishia hoja, ahsante.

#13 Mji Kasoro Bahari
Mpira uwe na uzi wake jamani. Tanga kuna Atomic Jazz nayo. Baada ya 1945 dunia nzima ilikuwa inasema "atomiki". Hilo jina nalo ni la vita au la majigambo?

#14 Nairobi Magharibi
Habari za Bongo. Nawaletea ya upande huu. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipiga na Jamhuri, wakaenda Arusha, halafu mwanzoni mwa miaka ya 70 wakavuka hadi Mombasa, baadaye Nairobi. Huku ndiko wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao kadhaa wakajitoa, na mnajua walijiita nini? Les Wanyika. Waliiacha Simba, wakachukua Wanyika, wakaweka "Les" ya Kifaransa mbele kwa sababu Nairobi wakati huo Wakongo ndio walikuwa wamejaza kumbi. Hakuna Mfaransa hata mmoja kwa hiyo bendi. Halafu Issa Juma naye akaja na Super Wanyika. Jina moja likagawanywa kama urithi wa shamba, kila mtu na kipande chake.

Kwa hivyo mimi naona jina la bendi ni mali. Wanamuziki wakitengana wanagombania jina kuliko hata ala. Mashabiki wanafuata jina.

#15 Besi ya Kulia
Nairobi Magharibi umenigusa. Nilipiga besi kwenye bendi ya harusi hapa Mwanza. Mwenye vyombo alikuwa mfanyabiashara, ametupa jina la duka lake. Tulipiga hiyo bendi hadi watu wakawa wanabadili tarehe za harusi ili tupatikane. Tukagombana naye kwenye malipo, tukaondoka wote isipokuwa mpiga kinanda. Wiki iliyofuata ameajiri wengine, jina lilelile, na harusi zote zilizokuwa zimetupangia zikaenda kwake. Watu walikuwa wameandika jina kwenye daftari la kamati. Sura zetu hawakuzikumbuka. Tukaanza upya na jina jipya, hakuna aliyetujua, ndani ya mwaka kila mtu akatafuta shughuli nyingine.

Kwa hiyo mimi niko na Mzee wa Santuri. Mwenye vyombo ndiye mwenye jina. Mengine ni hadithi nzuri.

#16 Mwana Sikinde
Pole kaka. Ila kwenu hamkuwa na mtindo. Mngekuwa na jina lenu la ukumbini mngelibeba.

#17 Mzee wa Santuri
Mwana Sikinde, hapo nimekushika. Mwaka 1985 mzee Gurumo na Abel Bartazar waliondoka Mlimani Park wakaenda kwa Hugo Kisima, mwenye International Orchestra Safari Sound. Kama mtindo ni mali ya wanamuziki, mbona Sikinde ilibaki DDC? Walifika kule wakaanzisha Ndekule. Sikinde ilikaa palepale penye vyombo, ikaendelea na waliobaki. Mtindo nao ni mali ya mwenye vyombo, tofauti ni kwamba huo haukusajiliwa popote.

#18 Mwana Sikinde
Ilibaki na waliobaki! Wengi walibaki, na mashabiki walibaki. Sikinde haikuwa ya mtu mmoja hata awe mkubwa kiasi gani. Mmiliki wa jina ni mashabiki, na ukitaka kujua hilo nenda siku Msondo na Sikinde wanapokutanishwa jukwaa moja. Hakuna anayebishania mwajiri wala mwenye magitaa.

#19 Mtangazaji Mstaafu
Nawasoma tangu asubuhi, nimeona niingie. Mnaisahau redio. Enzi hizo muziki wa dansi ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, hapakuwa na njia nyingine ya kufika nchi nzima. Kanda ilihifadhiwa kwa jina la bendi, na mtangazaji alipoipiga alisema jina la bendi kisha "wana Msondo", "wana Sikinde", "wana Pambamoto". Hiyo kauli ya "wana" iliwafanya wasikilizaji wa Mtwara na Bukoba, ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa Dar, wajue mtindo wa kila bendi. Bendi isiyokuwa na mtindo ilikuwa inampa mtangazaji kazi ngumu, maana hana cha kusema baada ya jina. Mitindo ikawa mingi kwa sababu hiyo pia. Vijana Jazz peke yao walibadili mara kadhaa, Koka Koka, Takatuka, hadi Pambamoto, na kila mtindo mpya ulikuwa habari mpya ya kutangaza.

Kwa hiyo ninyi mnagombana mwanamuziki au mwenye vyombo, mimi nasema kipaza sauti cha redio.

#20 Gitaa Kavu
Shikamoo mzee. Uzi umepata heshima.

#21 Mtangazaji Mstaafu
Marahaba. Na umenikumbusha, Shikamoo Jazz, 1993. Wale ni wazee wetu walioipigia nchi hii miaka mingi kisha wakasahaulika, wakakusanywa tena jukwaani, na jina likawa ile salamu wanayostahili. Kwangu mimi ndilo jina bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa bendi ya Tanzania. Ukilitamka tu umeshawaamkia.

#22 Nyuki wa Tabora
Na Salim Zahoro wetu alikuwemo humo. Naomba iandikwe.

#23 Kitenge cha Lubumbashi
Jambo wote. Nasoma kutoka Lubumbashi, Kiswahili chetu mtatuvumilia. Mmetaja OK Jazz harakaharaka. OK ilitoka kwenye OK Bar ya Kinshasa, na baa ilikuwa ya Oscar Kassien, ambaye baadaye aliitwa Oscar Kashama. O na K ni herufi zake. Bendi ilizaliwa humo Juni 1956. Kwa hiyo Mzee wa Santuri anaweza kufurahi, hata Franco alipiga chini ya jina la mwenye baa.

#24 Rumba Daima
Kitenge, mimi nimesikia tangu utotoni OK ni Orchestre Kinois, yaani bendi ya watu wa Kinshasa.

#25 Kitenge cha Lubumbashi
Inasemwa hivyo pia, na wao wenyewe waliiachia isemwe. Baa ilikuwepo kwanza.

#26 Mkwakwani
Na Maquis je? Orchestra Maquis du Zaire walitoka kwenu huko, wakaingia Dar miaka ya 70. Sisi tuliandika "Makis" kwenye daftari zetu tukadhani ni jina la mtu.

#27 Kitenge cha Lubumbashi
Maquis ni Kifaransa, wapiganaji wa msituni wakati wa vita dhidi ya Wajerumani. Na ule mtindo wao wa Kamanyola mnaoupenda ni jina la mji wa Kivu Kusini, karibu na mpaka wa Rwanda na Burundi. Palipiganwa vita miaka ya 60, Mobutu akapageuza ishara ya ushindi wake. Kikosi cha jeshi kikaitwa Kamanyola, meli yake ikaitwa Kamanyola. Ninyi Dar mlikuwa mnacheza Kamanyola bila jasho, huku kwetu tulikuwa tunaliona limeandikwa kwenye magari ya jeshi.

#28 Binti Kisarawe
Hili sikulijua na nimeicheza miaka yote. Mama yangu aliolewa kwa Kamanyola.

#29 Mtoto wa Fundi Rangi
Habari wakuu. Naleta ushuhuda mdogo. Marehemu mjomba wangu alikuwa anaandika vibao hapa Moshi, maduka, magari, hata misalaba ya makaburi. Kulikuwa na bendi ya kiwanda fulani, kila kiwanda kilipobadilishwa jina walimletea ule uso wa dramu kubwa aandike upya. Hawakununua ngozi mpya, bajeti haikuwepo. Anapaka nyeupe juu, anasubiri ikauke, anachora herufi mpya kwa penseli na rula, halafu nyekundu, halafu pembeni kivuli cheusi ili zionekane kutoka mlangoni mwa ukumbi. Ila wakipiga usiku na taa inatokea nyuma ya mpiga dramu, zile herufi za zamani zilionekana chini ya rangi, majina mawili yamepandana. Wakorofi wa mji waliiita bendi kwa majina yote mawili kwa mkupuo. Mjomba hakupenda hata kidogo, alisema wanamharibia kazi.

Kwa hiyo mie najua kwa macho yangu, jina lilikuwa linabadilishwa na ofisi. Mwenye bendi analeta karatasi yenye mhuri, fundi anaandika.

#30 Mji Kasoro Bahari
Mtoto wa Fundi Rangi, huo ushuhuda ni wa thamani. Ila ni bendi za mashirika. Mbaraka Mwinshehe alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Nani alimpa karatasi yenye mhuri? Ni yeye na nguvu yake. Hiyo "Super" na hiyo "Volcano" ni mtu anatangaza kwamba sasa ametoka kwenye jina la mji na ana jina lake.

#31 Nairobi Magharibi
Na Samba Mapangala alipotoka Les Kinois akaunda Virunga hapa Nairobi. Virunga ni milima ya volkeno. Wote wawili walikimbilia volkeno.

#32 Songea Kwetu
Hapo kwenye Super, vipi Super Matimila ya marehemu Remmy Ongala? Matimira iko Songea, ni kwetu. Nimekua nikijua bendi inaitwa kwa jina la kwetu.

#33 Mzee wa Santuri
Songea Kwetu, ninavyofahamu mimi Matimila ni jina lililotoka kwa mfanyabiashara mwenye vyombo. Unaona tunaporudi?

#34 Songea Kwetu
Na huyo mfanyabiashara jina alilitoa wapi? Mkuu, kila kitu kwako ni mwenye vyombo.

#35 Sinza Mori
Mnagombania bendi ilichukua jina la nani, wakati Remmy aliupa mtaa jina. Kila siku kondakta anapiga kelele "kwa Remmy, kwa Remmy", na abiria wengi wanaoshuka pale ni wadogo hawajawahi kumsikia akiimba. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, ameacha jina lake kwenye kituo cha daladala cha Sinza. Hilo ndilo la kuandikia uzi.

#36 Bibi wa Vikuba
Assalaam alaykum. Naona taarabu mmeitaja mara moja tu tena kwa ajili ya mpira. Unguja klabu ya Ikhwani Safaa ni ya 1905, kabla ya hizo Jazz zenu zote. Wazee walichukua jina la wale wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, Ikhwan al-Safa, ndugu wa usafi. Hawakutafuta mji wala mfadhili, walitafuta adabu. Mila na Utamaduni, ambayo nje wanaijua kama Culture, nayo ilianza kwa jina jingine, Shime Kuokoana. Ukisikia "shime kuokoana" unajua hao ni watu waliokusanyika kusaidiana, muziki ukiwa ndani yake. Dar wakawa na Al-Watan na Egyptian, macho yote Misri. Tanga wakaja na Black Star, kisha Lucky Star ikazaliwa humo. Kila mji na kiu yake.

#37 Mwana Sikinde
Shikamoo bibi. Hiyo Lucky Star na Black Star ni kama Les Wanyika na Simba Wanyika: ukijitoa unaacha nusu ya jina, unaondoka na nusu. Nyota wamebaki nayo wote.

#38 Bibi wa Vikuba
Marahaba mwanangu. Ndivyo.

#39 Temeke Kwetu
Wazee wangu, na sisi wa Bongo Fleva tuna yetu. TMK Wanaume, TMK ni Temeke imefupishwa. Walipogawanyika kukawa na Wanaume Halisi ya Juma Nature upande huu na Wanaume Family upande ule. "Halisi" ndiyo silaha, ukishasema wewe ndiye halisi umeshamwambia mwenzako ni nini. Wagosi wa Kaya ni Tanga tupu. Nyuki wa Tabora alisema majina ya mwanzo yalikuwa anwani, na sisi miaka ya 2000 tulirudi kwenye anwani. Kwetu hapakuwa na mwenye vyombo, vyombo vilikuwa kompyuta ya studio ya mtu mwingine.

#40 Mkwakwani
Wagosi wa Kaya wamenifanya nitabasamu. Kaya ni nyumbani. Binti Kisarawe, si ndiyo ile "ukae" yenu?

#41 Binti Kisarawe
Ndiyo hiyohiyo. Karibu nyumbani.

#42 Kinu na Mchi
Mmefika Bongo Fleva bila kupitia Twanga Pepeta? Rasmi ni African Stars, lakini hakuna anayesema "leo naenda African Stars". Jina linatoka jikoni, kutwanga na kupepeta, kazi ya wanawake, na bendi yenyewe ikaongozwa na mwanamke, Asha Baraka. Mimi nilikuwa nauza vinywaji kwenye ukumbi mmoja wa Kinondoni. Wanenguaji wakianza ile ya kupepeta, mikono kama ina ungo kweli, kina mama walioketi nyuma wanasimama kabla ya vijana. Lile jina lilikuwa linawaita wao.

#43 Rumba Daima
Narudi kwenye Jazz, bado hamjaniambia kwa nini ilikufa. Baada ya miaka ya 80 bendi mpya zikawa Orchestra, Sound, Stars, Musica, Academia.

#44 Maktaba ya Baba
Rumba Daima, kwa maoni yangu ilikufa kwa sababu ileile iliyoileta. Ilikuwa alama ya kisasa, ikawa alama ya wazee na ya mashirika. Wakongo walileta "Orchestre", vijana wakaona hilo ndilo la kisasa. Hata Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alitoka Safari Trippers akaenda Dar International Orchestra, hakuna Jazz hata moja hapo.

#45 Nairobi Magharibi
Haijafa huku. Benga, muziki wa gitaa wa huku Kenya, imeibeba. Shirati Jazz ya D.O. Misiani ilikuwa inajaza kumbi za Kisumu na Nairobi, na Shirati ni kwenu Mara, upande alikozaliwa. Mtanzania ameipa benga ya Kenya jina la kwao.

#46 Mombasa Raha
Na pwani yetu mmeisahau. Them Mushrooms walianza 1969 wakiitwa Avenida Success, jina likawashinda, wakawa Mushrooms, na baadaye Uyoga kwa Kiswahili.

#47 Besi ya Kulia
Mombasa Raha, si nyie ndio mlikuwa na Safari Sound? Mzee wa Santuri ameiweka Dar huko juu.

#48 Mombasa Raha
Ni bendi mbili tofauti. Safari Sound Band ni ya huku Kenya, zile nyimbo za watalii mahotelini. Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima ni ya Dar, ile ya Ndala Kasheba na Masantula, kisha Ndekule. Wauza kaseti waliwachanganya kila mara. Ukinunua ya Ndekule unafika nyumbani unakaribishwa "jambo".

#49 Mzee wa Santuri
Nimewasoma wote. Redio naikubali kwa mitindo, ngoma za Wazaramo nazikubali, Morogoro nawapa Cuban Marimba na Volcano. Kwenye mashirika sirudi nyuma hata hatua moja. Mwana Sikinde, nijibu hili: siku DDC wakiuza vyombo na jina la Mlimani Park kwa mtu binafsi, Sikinde itakwenda na nani?

#50 Mwana Sikinde
Itakwenda na waimbaji, na sisi tutakuwa nyuma yao. Njoo Jumapili nikuonyeshe, mkuu.